Mwalimu Wangu wa Kuvua Hasemi

Jumatatu, 9 Septemba

Mume wangu Vendel katoka hospitali leo. Wamemtoa kinyama kilichoota kooni, kwenye nyuzi za sauti. Kimepelekwa maabara. Majibu yakitoka watatupigia simu. Daktari ni mama mmoja mfupi, hana haraka na mtu. Alisema: asitoe sauti kabisa mpaka nimwone tena. Nikauliza, na kunong'ona? Akasema kunong'ona ndiko kubaya zaidi.

Njiani nimemnunulia kibao cha watoto, kile cha kuandika na kufuta. Tumefika nyumbani, hata viatu hatujavua, kaandika: MTO?

Nikamwambia hapana.

Jumanne, 10 Septemba

Nilidhani yuko bustanini na pilipili zake. Kutazama, baiskeli haipo. Nikashuka mpaka mto Tisza. Yupo! Chini ya mierebi, fimbo mbili za kuvulia majini, ametulia kama mtu ambaye hajakatwa chochote.

Nikamwambia, ukiteleza hapa utamwita nani, na kwa sauti gani? Akaandika: KAMBALE.

Tangu tuoane mto huu ni mke mwenzangu. Ijumaa ni zake, Jumapili ni zake. Hata siku binti yetu Emőke alipozaliwa, baba mtu alikuja wodini ananuka tope. Na mimi sijawahi kukaa na mwenzangu huyo hata saa moja, nikamjua ana nini.

Jioni tumeafikiana. Ataenda, ila nami niwepo. Na kama nipo, sitakaa pale kama gunia la viazi – anifundishe. Alicheka. Bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nimeomba likizo jikoni shuleni. Watoto watakula tambi za mtu mwingine.

Alhamisi, 12 Septemba

Kibali cha kuvua, kile cha mgeni, nimekata, hakina mtihani, bahati yangu.

Somo la kwanza: mnyoo. Miaka yote nimechinja kuku na bata, sikujua mnyoo utanishinda. Unajinyonganyonga, unateleza, ndoana inaingia kidoleni kwangu. Vendel akachukua mkono wangu, akauweka sawa, akauachia. Nikikosea anapiga paja lake mara moja. Nikipatia hafanyi kitu. Leo amepiga paja sana.

Somo la pili: kurusha. Nilirusha. Boya halikuonekana majini. Lilikuwa mgongoni kwangu, ndoana imenasa leso yangu ya kichwani.

Kázmér alikuwa anatazama. Huyu ni rafiki yake wa tangu shule, ana mahali pake jirani na petu, hahami hata mvua inyeshe. Akaniambia, "Shemeji, leo unavua leso?"

"Kesho nitakuvua wewe."

"Mimi mifupa mitupu, shemeji. Utanirudisha majini mwenyewe."

Samaki hakuna. Vendel kapata watatu, kawaachia wote, makusudi, ili nisijisikie vibaya. Nimejisikia vibaya.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua. Simu haijalia.

Jumapili, 15 Septemba

Mshipi wangu ulinasa kwenye mwerebi. Tena. Vendel akapiga paja. Na mimi nikalipuka.

Nikasema yote. Kwamba alikuwa hapa mama yangu alipokuwa anaumwa na mimi namgeuza peke yangu kitandani. Kwamba alikuwa hapa paa lilipovuja. Kwamba nimeparua magamba ya samaki wake nusu ya maisha yangu na hajawahi kuniuliza kama napenda samaki. Kázmér akaona ana shughuli ndani ya begi lake, akainamisha kichwa humo, hakukiinua.

Ugomvi wa mtu mmoja hauna ladha. Unasema, unangoja arudishe, kinachojibu ni bata. Nikaishiwa. Nikakaa kwenye nyasi.

Vendel akachukua kibao. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Akanionyesha: KWELI. Halafu akaongeza chini, herufi ndogo: NAOGOPA.

Sikumuuliza anaogopa nini. Naogopa hicho hicho. Tangu tutoke hospitali hakuna aliyelitaja neno lenyewe, tunalizunguka tu kama mbwa mkali aliyelala njiani.

Tukaenda wote wawili kuunasua ule mshipi. Yeye alivuta tawi chini, mimi nikafungua fundo. Vidole vyangu ni vyembamba, vyake havikuweza. Hakupiga paja.

Jumatatu, 16 Septemba

Simu ililia, nikaangusha mwiko. Alikuwa Emőke, kutoka mjini Debrecen. Anauliza, "Mama, baba anaendeleaje?" Nikamwambia hajambo, ananifundisha kuvua. Akasema, "Mama, niambie ukweli, ni mbaya kiasi gani?" Yaani mimi kushika fimbo, kwa mwanangu, ni dalili ya msiba.

Jumatano, 18 Septemba

Leo naandika vibaya.

Kázmér hakuwepo leo, alikwenda kwa daktari wa meno. Vendel akaniacha na fimbo zote, akaenda na ndoo kule mto unapopinda, kutazama kama panafaa. Mimi macho kwenye boya. Nimeanza kulipenda boya, niseme ukweli: ukilitazama, kichwa kinanyamaza.

Nikasikia ndoo. Bati linagongwa na kitu. Kwanza nikadhani watu wa upande wa pili. Likaendelea. Kisha likaacha.

Ni pale lilipoacha ndipo nilipokimbia.

Ukingo ulikuwa umebomoka. Alikuwa chini, maji mpaka kifuani, mkono mmoja umeshika mzizi, ule wa pili hauna tena ndoo, ndoo inakwenda zake na mto. Ananitazama. Mdomo umefungwa, umebanwa kabisa. Mto unamvuta na hafungui mdomo!

Nikalala kifudifudi kwenye tope. Nikamnyooshea wavu wa mkono, ule wenye mpini mrefu. Akaushika kwenye pete. Nikavuta. Yeye mzito, lakini na mimi nimebeba masufuria ya watoto mia mbili kila siku tangu nikiwa msichana. Akapanda, goti, tope, goti lingine. Tukalala pale chali kama samaki wawili waliotupwa.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Si ungeita? Vendel, ungeita tu!"

Akagusa koo. Akatikisa kichwa. Kibao kilikuwa kimelowa lakini kinaandika: NIKIIHARIBU SAUTI HALAFU KINYAMA KIKAWA SI KITU JE?

Nikamkumbatia nikampiga ngumi ya mgongo, yote pamoja. Yuko hai. Yuko chumba cha pili sasa hivi, amefunikwa mablanketi, namsikia anapiga chafya. Chafya sijui daktari anaihesabu kama sauti. Apige tu. Apige hata usiku kucha.

Alhamisi, 19 Septemba

Kázmér kasikia. Kaja na kengele ya mbuzi, na kamba yake. Akamvisha Vendel shingoni. Nikangoja Vendel akasirike. Akaitikisa. Akaenda nayo bustanini, akawa anaitikisa kila akitaka kahawa. Nitaizika mahali.

Mlangoni Kázmér akaniambia, taratibu, haangalii usoni, "Shemeji, nilipaswa kuwepo jana."

Nikamwambia, "Meno nayo ni yako."

"Lakini nilipaswa kuwepo."

Jumamosi, 21 Septemba

NIMEPATA.

Nilipika chambo mwenyewe. Minyoo basi. Unga wa mahindi, maji, chumvi kidogo, koroga mpaka ukaze na uachie sufuria, kisha asali. Kupika hilo sihitaji kufundishwa. Vendel akanusa, akaonja, akala tonge zima. Nikamwambia bakiza ya samaki.

Boya lilicheza. Halikuzama, lilicheza tu, kama mtu anayebisha hodi na kusita. Nilitaka kuvuta, Vendel akaweka kiganja juu ya mkono wangu: ngoja. Likalala ubavu. Ngoja. Likaanza kutembea, taratibu, kuelekea kwenye matete. Akaondoa kiganja.

Nikavuta.

Sijui niandikeje. Uzito. Kitu hai upande wa pili, kinakukatalia. Kinakwenda kushoto, na mkono wangu unajua kabla yangu. Niligeuka nikamwona Vendel kafungua mdomo kupiga kelele – na kajiziba mwenyewe kwa mikono miwili, macho yametoka. Basi Kázmér akapiga kelele badala yake. "Usimpe mshipi mlegevu! Fimbo juu, shemeji, juu!" Halafu akamgeukia Vendel: "Ndivyo ulivyotaka kusema?" Vendel akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo.

Keszeg. Yule samaki bapa, mwenye miiba mingi, ambaye paka wetu humwachia nusu. Hakuzidi sahani ya chai. Kázmér akasema hata kuku angemwonea huruma. Sijali. Nilimshika, akang'aa, nikamrudisha. Tangu asubuhi nilikuwa nikiwaza majibu ya hospitali, ila muda wote wa kumvuta sikuwaza.

Jumatatu, 23 Septemba

Wamepiga. Daktari anataka twende wenyewe, kesho. Msichana wa simu hakusema zaidi.

Habari njema husemwa kwa simu. Kila mtu anajua.

Jumanne, 24 Septemba

Si saratani.

Naandika tena: si saratani.

Alituambia kabla hatujakaa, Mungu ambariki mama yule. Kinyama cha kawaida, kinatokea kwa wanaotumia sana sauti au sigara. Ametuita kwa sababu alitaka kulitazama koo mwenyewe, basi. Akamulika, akasema limepona vizuri, kapata mgonjwa mtiifu. Nilitaka kumweleza habari ya ule mzizi, nikashindwa, nilikuwa nalia kwenye leso. Turudi majira ya kuchipua, atazame tena. Sauti aanze nayo kidogo kidogo, maneno machache, asikaze.

Tukatoka. Ukumbini Vendel akasimama karibu na dirisha. Nikajua sasa atasema. Nikamshika mkono. Nilifikiri labda jina langu.

Akafungua mdomo. Sauti ikatoka kama mlango wa ghala. Akasema, "Minyoo iko kwenye gari. Juani."

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia. Emőke naye, nilipompigia, alilia kwanza, kisha akauliza baba kasema nini cha kwanza. Nikamwambia. Akasema, "Basi amepona."

Jioni supu ya kambale wa Kázmér, nyekundu kwa paprika, ile pilipili ya unga. Kázmér alimsikia Vendel akisema "karibu", akageuka haraka kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Miiba wametoa wao. Mimi nimekaa.

Jumatano, 25 Septemba

Nimelala mpaka saa tatu asubuhi. Wote wawili.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandikia hapa hapa mtoni, daftari kwenye goti. Ukungu umeondoka. Likizo inaisha kesho, na nimeshamuuliza Vendel kama wikendi samaki wanakula vizuri. Kaniangalia kwa jicho la upande, hakujibu.

Ila mengine anajibu! Daktari alisema maneno machache. Amemaliza ya mwezi mzima tangu kupambazuke. Anamsimulia Kázmér alivyotumbukia. Ukingo umekuwa mrefu kama mnara wa kanisa. Mto umekuwa na mawimbi. Mimi nimemvuta kwa mkono mmoja. Kázmér anasema, "Mkono mmoja? Juzi ulisema kwa jino moja." Vendel anacheka, na kile kicheko kina sauti, kinakwaruza, kinakatika katikati, kinaanza tena. Nilikiomba kicheko hicho kwa Mungu kila nilipofumba macho.

Nimewaambia wanyamaze, wananifukuzia samaki.

Wamenyamaza. Kázmér kavua kofia, kaomba radhi kwa mto.

Ncha ya fimbo yangu imetikisika. Baada ya kitambo kidogo, tena. Si keszeg, hivi sivyo anavyofanya keszeg. Vendel kaona pia, kanyoosha mkono kuelekea fimbo, ananong'ona, "Ágota, huyu mkubwa, nipe mimi."

Nimemwambia kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Na atoe mkono, hiyo ni fimbo yangu.

Inainama. Hairudi –