Kabla Hujamwandikisha Mtoto

Iyula, Mbozi

Mjukuu wangu Sekela,

Huku tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama mtoto ananyonya vizuri.

Umeuliza maana ya jina letu la ukoo, Kowalczyk, na kama jina linalowasumbua makarani linafaa kumwandikia mwanao. Safari iliyonileta kutoka Polandi nikiwa mgongoni mwa mama naiacha. Nitakueleza siku niliyokwenda kuposa.

Baba yake bibi yako alikuwa mhunzi. Aliniuliza, "Hilo jina lako linasema wewe ni nani?" Nikajibu kwa kujigamba kwamba kwa Kipolandi kowal ni mhunzi. Akanisogezea mivukuto ya kupulizia moto. "Haya, mhunzi. Vukuta."

Nikavukuta kwa pupa hadi majivu yakamjaa kichwani kaka yake bibi yako.

"Mhunzi gani huyu, shemeji? Umenizeesha kabla ya baba." Wote wakacheka.

Kwa aibu nikamalizia nililoficha: "Jina zima halisemi mhunzi. Linasema mtoto wa mhunzi."

Mzee akasema, "Mtoto hufundishwa. Kesho uje mapema."

Nilivukuta msimu mzima, ndipo posa ikapokelewa. Polandi siikumbuki hata kidogo. Nikiliandika jina hili, ninayemwona ni mzee yule.

Mwandikishe mwanao upendavyo. Ila mivukuto ile ya mzee ipo darini, na kila mwaka naipaka ngozi yake mafuta. Mlete aishike.

Babu yako