Mguu wa Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 21 Februari 1977

Ametimiza miaka miwili! Oryem, mgonjwa wangu namba thelathini na moja. Nilimwita kwa barua, akaja na basi kutoka Gulu. Eksirei ya kifua ni safi — mapafu hayana hata doa. Nimeishika kwenye mwanga mara tatu kama mtu anayekagua noti ya bandia. Tangu nianze utafiti huu nimekata miguu thelathini na minne kwa saratani ya mfupa. Waliofika miaka miwili walikuwa watano. Sasa sita! Na huyu uvimbe wake ulikuwa kama papai, juu ya goti. Mwenyewe nilimhesabia miezi minane.

Siku hizi ni fundi redio. Anatembea na mguu wa mti aliouchonga mwenyewe. Anasema kwao wanamwita Dokta kwa sababu anapasua redio.

Nataka picha yake amesimama, kwa ajili ya makala yangu. Mpiga picha wa hospitali hana filamu mpaka keshokutwa. Oryem alitaka kurudi leo leo. Kampala si pahali pa Mwacholi sasa hivi, alisema, na ni kweli — tangu wiki jana watu wa kaskazini wanachukuliwa na watu wa usalama makazini, mchana kweupe. Aliomba barua tu, ya kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani, kwamba mguu ulikatwa hospitali. Nikamwambia barua ataipata Jumatano, baada ya picha. Nilitabasamu nikisema hivyo. Akakubali. Atalala lojing, nyumba ya wageni, mtaa wa Kisenyi.

Jumatano, 23 Februari

Filamu imepatikana. Mpiga picha alingoja saa nzima, akaondoka amenuna. Oryem hakuja. Nimekasirika. Vijana hawa! Unawaokoa, halafu unabembeleza picha moja.

Barua yake iko mezani. Nimeshaigonga muhuri.

Alhamisi, 24 Februari

Mzee Kamis, anayetunza stoo ya chupa — zile chupa za fomalini ninamoweka mifupa ya wagonjwa — anakaa Kisenyi. Alifunga mlango kwanza, ndipo akasema.

"Dokta, ile kijana yako ya mguu moja, walichukua yeye juzi jioni. Wale watu ya miwani nyeusi. Walisema huyu ni askari ya adui, mguu alipoteza vita ya Mutukula, kule mpaka. Yeye anasema hapana, ni ugonjwa, uliza dokta yangu. Walicheka tu. Waliweka yeye ndani ya buti ya gari."

Uliza dokta yangu.

Karatasi moja! Dakika tano za kuandika. Nilikuwa na kalamu mkononi Jumatatu ile, nikaamua kumfunga kamba kwa barua yake mwenyewe ili nipate picha.

Jumapili, 27 Februari

Nimefungua rejista ya utafiti. Kwa kila mgonjwa kuna nafasi ya neno moja: hai, amekufa, hajulikani alipo. Nimekaa na kalamu tangu chai ya asubuhi. Mwishowe nimeandika "hai", na tarehe 21 Februari. Si uongo. Jumatatu alikuwa hai. Nimehakikisha na eksirei.

Kwa hiyo hesabu yangu bado ni sita. Hata hilo nimelifikiria. Huyo ndiye mimi!

Jumatatu, 7 Machi

Mama yake amekuja. Alanyo. Nilimtambua mara moja — mjane wa sajenti wa polisi, mrefu, mwenye Kiswahili cha lainini, kambi za polisi. Yuko Kampala siku ya nne. Ameuliza kituo baada ya kituo mpaka mkubwa mmoja, mtu aliyemjua marehemu mumewe, akamnong'oneza aache kutafuta, arudi nyumbani. Hakurudi. Alikwenda Namanve, msituni wanakotupa watu, akageuza maiti kwa mikono yake. Hakumwona.

Hakulia. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikawa na maneno tayari. Kumbe hajui habari ya picha wala ya barua. Alinishukuru! Alisema nilimpa mtoto wake miaka miwili zaidi.

"Dokta, mimi siwezi rudi nyumbani mikono tupu. Kwetu mtu lazima azikwe pale kwao. Ile mguu mulikata, wewe uliniambia mulizika hapa nyuma. Nionyeshe pahali tu. Mimi nitachimba mwenyewe. Nitazika hiyo."

Nikamwambia aje Alhamisi. Alhamisi! Ulimi wangu umezoea kuwapangia watu siku.

Jumanne, 8 Machi

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Mwaka 1975, jioni ya upasuaji, mama huyu aliomba mguu akauzike. Nilimwambia tumeshauzika, kwa heshima zote. Haukuzikwa. Goti lilikuwa tayari kwenye chupa. Kielelezo kizuri kama kile nisingekiachia ardhi, na sikutaka mabishano na mwanamke wa kijijini, basi nikamaliza na neno moja. Mimi, mtoto wa Kisenyi! Nimekua nikiona hata kidole kilichokatwa na mashine kikifungwa kitambaa kupelekwa makaburini.

Nilimwambia Kamis. Alikuna kichwa kidogo tu.

"Si kitu, Dokta. Tunazika sasa. Kesho kutwa yeye anatoa. Nani atajua?"

Mfupa umepasuliwa kwa msumeno, umelala fomalini miaka miwili, nyama yake ngumu kama soli ya kiatu. Kamis anasema atauchemsha na magadi mpaka ubaki mweupe. Kuhusu ule msumeno nitasema tulikuwa tunatafuta ugonjwa. Hilo angalau ni kweli.

Hajara, mke wangu, aliona sili chakula, akaniuliza mpaka nikamweleza yote. Akasema: mwambie ukweli, umpe mfupa mkononi, akutukane, akutemee mate, uishi. Nikasema akipiga kelele hospitalini, masikio ni mengi, tutachukuliwa wote, na mama mwenyewe. Hajara akaniangalia. Akasema usimtie huyo mama ndani ya woga wako. Akaenda kulala.

Jumatano, 9 Machi

Kamis amechemsha kwenye stovu ya Primus, mlango wa stoo umefungwa. Harufu ilikuwa kama ya supu. Sitakula supu tena.

Kwenye mfupa kulikuwa na namba yangu kwa wino mweusi: 31. Nimeifuta kwa msasa, mimi mwenyewe. Wino ulikuwa umeingia ndani, imechukua karibu nusu saa. Saa kumi na moja, wafanyakazi walipotawanyika, tumechimba nyuma ya tanuri la taka, tukafukia, tukamwaga majivu na majani juu. Nilisema Bismillahi — sijui kwa nini. Kamis alisema Amin. Watu wazima wawili wajinga wanaomzika mtu goti.

Nilimkumbuka akicheka habari ya kupasua redio. Nililia hapo hapo, jembe mkononi, na Kamis akatazama kando.

Alhamisi, 10 Machi

Amekuja saa tatu. Amevaa gauni safi. Amenunua shuka jipya sokoni Nakivubo, jeupe, urefu wa mtu mzima. Nilitaka kumwambia hakuna haja ya refu hivyo. Nikanyamaza, alhamdulillahi.

Tulimwonyesha pahali. Kamis alijitolea kuchimba, alikataa. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono na kipande cha chuma. Hakukawia kuufikia mfupa. Aliufuta udongo kwa kiganja, polepole, kama anavyofutwa mtoto uso. Hakuuliza habari ya msumeno. Aliongea nao kwa Kiacholi, maneno machache. Aliulaza katikati ya shuka.

Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani imekwisha! Nikarudi ofisini.

Saa tano. Nimetazama dirishani. Bado anachimba.

Nimemtuma Kamis akamwambie inatosha. Amerudi, hakai, anazungukazunguka.

"Dokta, anasema goti ameona. Sasa anatafuta ile ya chini. Anauliza vidole."

Vidole.

Miaka yote hii, mguu kwangu ni goti. Ninahifadhi pale penye ugonjwa tu. Muundi na wayo vilikwenda tanurini jioni ile ile, kama vya wagonjwa wote — na tangu Jumatatu, katika kuchemsha kote na kusugua kote, sikuvikumbuka hata mara moja! Nimeuzika mguu usio na mguu. Tanuri lenyewe liko hatua nne kutoka alipopiga magoti.

Saa sita. Shimo limekuwa refu kama mtu. Anachekecha udongo kwa vidole, anatafuta mifupa midogo. Kila kijiwe anakiinua kwenye jua. Viwili amevifunga kwenye pembe ya shuka.

Nimeteremka kumwambia. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye aliwahi. Jasho usoni, majivu mpaka kwenye viwiko, amenitazama kwa imani ile ile ya 1975.

"Dokta, wewe ndiye ulizika. Saidia mimi. Uso ya mguu iliangalia wapi? Vidole ilikuwa upande gani?"

Nimenyoosha mkono. Upande wa ukuta, nimesema.

Akasema asante, mwanangu. Akahamisha shuka lake, akaanza upande ule.

Saa saba na robo. Nimefunga dirisha, lakini kile chuma nakisikia kikigonga mawe ya msingi wa ukuta.