Kamba Isiyo na Uzito

Jumamosi, 7 Oktoba 1978

Mwalimu wa kisomo anasema tuandike kila siku, herufi zisitukimbie. Kila siku siwezi. Nitaandika yakiwepo ya kuandika. Leo yapo.

Tumekwenda mahameni kurina asali, mimi na Xavery. Mahameni ni kule juu ya kilima, tulikoishi kabla ya kuletwa kijijini kwenye nyumba za mstari. Migomba yetu imegeuka msitu. Nyuma ya uliokuwa ua wa baba ardhi inakatika ghafla — jabali tupu mpaka bondeni, na nyuki wamejaa kwenye nyufa.

Xavery ni mume wa dada yangu Bernadetha. Kwetu mpanda jabali hushikiwa kamba na muramu wake, yaani shemeji, kaka wa mkewe. Sababu haina maneno mengi: nani atamfanya dada yake mjane kwa uzembe? Basi mimi hukaa juu, kamba nimeizungusha kwenye mkuyu wa baba. Yeye huanzia chini, miguu mitupu.

Watu wanakuja hata kutoka Mugoma kumtazama. Leo niliinama ukingoni mpaka shingo ikauma. Haharakishi! Anaweka kiganja juu ya mwamba, anatulia, kama anayemtuliza ng'ombe kabla ya kukamua. Anauambia: buhoro. Taratibu. Kisha mwili mzima unapanda, bila kujivuta, bila kuhema. Mguu ukishakanyaga haurudii. Mimi nikipanda ngazi ya ghala watu wanacheka. Namwonea wivu, niseme ukweli. Nampenda pia.

Na kamba! Mwaka jana nilimshikia Matiasi, aliyemwoa binamu yangu, viganja vikachubuka. Ya Xavery haina uzito. Inalegea kidogo, navuta. Inalegea, navuta. Miaka yote hii hajaniegemea hata mara moja. Tuna ishara zetu: akivuta mara moja, nilegeze. Akivuta mara mbili, nishike kwa nguvu zote, anaanguka. Hiyo ya mara mbili sijawahi kuipata.

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Vita. Redio ya mwenyekiti imesema majeshi ya Uganda yamevuka, watu wa upande wa Kyaka wanakimbia. Tumesikiliza nje ya ofisi ya kijiji. Mgambo wameitwa kujiandikisha. Mimi nimekataliwa kwa jicho langu la kushoto. Xavery wamemkubali bila hata kumtazama mara mbili.

Alhamisi, 23 Novemba 1978

Lori limewachukua mgambo leo pale Nyamiaga. Bernadetha alimfungia viazi vya njiani, hakulia.

Alfajiri Xavery aliniambia twende kwanza mahameni. Nilidhani anataka asali ya safari. Kumbe alitaka kuaga jabali tu. Akaifunga kamba vizuri kwenye mkuyu, akaitupa upande wa pili ining'inie mpaka chini. Nikamwambia mvua itaiozesha. Akacheka.

"Usiikunje, muramu," alisema. "Sijakwambia uachie."

Jumapili, 14 Januari 1979

Baada ya misa nimekwenda kuiangalia kamba. Afadhali nisingekwenda.

Nyuki wamehama. Wote! Nyufa ziko wazi, hakuna hata mmoja. Ndege nao kimya. Nikashika kamba nione kama imeoza. Haijaoza. Imekauka vizuri, na mvua ya jana tuliiona wote.

Kisha ikalegea mkononi mwangu. Kidogo tu. Ikatulia. Ikalegea tena.

Nimejiambia ni upepo. Lakini upepo huyumbisha, haupandi. Nimeteremka mbio kama mwizi wa ndizi, sijamwambia mtu.

Jumanne, 13 Februari 1979

Mzee Pancras, mwenyekiti wetu, amekuja na habari kutoka wilayani. Shikamoo yangu hakuiitikia, nikajua. Akasimama mlangoni kwa Bernadetha, akasoma: Xavery ameanguka akilinda nchi yetu. Mwili haujapatikana.

Wanawake wakaanza kulia. Dada yangu akawanyamazisha kwa mkono. Akamwomba mzee asome tena lile neno. Akasoma: ameanguka.

"Wangesema kapigwa risasi, ningelia," Bernadetha alisema. "Xavery haanguki."

Mzee akamweleza kwa upole kwamba ndivyo serikali inavyosema, ni lugha ya heshima, maana yake amekufa. Hakusikia. Amerudi kumenya ndizi. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia kama mtoto.

Jumatano, 14 Februari 1979

Ugomvi kutwa. Wazee wanataka kamba ikatwe. Kamba ya marehemu haiachwi ikining'inia, na bila kuikata hakuna matanga. Na mkataji ni yule aliyekuwa akiishika. Mimi, nani mwingine?

Bernadetha anasema atakayeikata amemuua mumewe. Ana hoja yake. Juzi kwenye kizuizi cha barabarani wamemkamata kijana wa Bugarama aliyedhaniwa amekufa, kumbe ametoroka vitani, yu hai. Xavery naye akitoroka, anasema, hatapita barabarani. Atafuata bonde usiku, na jabali ndilo mlango wake. Sasa akifika akute kamba haipo?

Nilimwambia Mzee Pancras kwa siri yale ya Januari. Alitazama nyuma kwanza kama kuna mtu.

"Ukishika kamba ya aliyekufa," alisema, "jua naye ameshika upande wa pili."

Ijumaa, 16 Februari 1979

Dada hali, halali. Amekonda, pete inazunguka kidoleni. Majirani wameacha kuja. Wanasema kwake kuna mfu asiyeagwa.

Jioni ameniita. Amesema niende nikaikate, amechoka kuwa si mke wala mjane. Nikashukuru Mungu, nikainuka. Akanishika shati.

"Kwanza ishike. Ukimkuta huko, usimwachie."

Jumamosi, 17 Februari 1979

Nimefika mahameni asubuhi. Ukungu umejaa bondeni, hata ukingo siuoni vizuri. Nilinoa panga jana, linakata unywele. Nilikusudia kuipiga kamba pigo moja na kurudi.

Lakini nilimwahidi dada. Nikaizungusha kamba kiunoni, nikakaa chini ya mkuyu, nikashika. Nikasema nitahesabu mpaka nichoke.

Sikuhesabu. Imelegea.

Nikavuta kwa mazoea tu. Ikalegea tena, nikavuta. Kisha kimya — hapo anaweka kiganja. Kisha mwendo mmoja mrefu. Hakuna upepo leo, majani ya migomba yametulia. Na hakuna mtu duniani anayepanda hivi ila mmoja. Ni yeye! Ningemjua hata nikiwa kipofu wa macho yote mawili.

Na haina uzito.

Hapo ndipo nimekwama. Xavery mzima hana uzito kwenye kamba. Xavery mfu, atautoa wapi? Uzuri uleule niliousifu miaka yote, leo ndio unaoninyima jibu.

Nimemwita kwa jina. Hakuna aliyeitika. Chini sana nimesikia kitu kama buhoro. Labda ni mto.

Sasa rundo la kamba limejaa miguuni. Nimeizungusha mara nyingine kwenye shina, ndiyo maana mkono wa kuandikia uko huru. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Naandika ili nisitazame ukingo. Panga liko mapajani. Nikikata na yu hai, nimemuua mume wa dada yangu. Nisipokata na amekufa, sijui anakuja kumchukua nani. Naogopa.

Kiganja. Kimya. Mwendo.

Ni mzuri jamani, hata leo ni mzuri.

Imebaki kamba fupi. Hatua za mwisho ni pale palipo laini, ambapo Matiasi alishindwa. Hata Xavery hapo hupumzika kidogo.

Amepumzika.

Imevuta mara moja. Nimelegeza.

Ukungu umesogea hadi kwenye mizizi. Nasikia harufu ya asali, na nyuki hakuna.

Imevuta mara mbili.

Panga nimelitupa kwenye migomba. Nimekaza visigino kwenye mizizi. Nimeshika, muramu, nimeshika kwa nguvu zote, nausubiri uzito wako —