Mikono Inayochuma Bila Chai

Laini ya Juu,
S.L.P. 77,
Kericho.
29 Novemba, 1996.

Mpendwa dada Caren,

Chamgei? Pokea salamu za mchumaji hodari kuliko wote waliowahi kuvaa aproni. Siku hizi hata sichumi, dada. Chai ikiniona inaruka yenyewe juu ya bega langu na kuingia kwa kikapu mgongoni. Nyinyi mko wazima huko Nakuru? Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima kama fahali wa maonyesho, ila usingizi tu ndio tumekosana.

Vile vitabu ulivyotuma vilifika. Usinichape, lakini nilivichana kurasa nikabandika ndani ya aproni, nikawa nasoma nikichuma. Mkono kwa chai, jicho kwa historia. Jioni wenzangu wakienda kuota moto, mimi naenda masomo ya kanisani. Mtu aliyeachia shule kidato cha pili anajiandikisha mtihani wa kidato cha nne, bila yunifomu, na ndevu zake! Nionyeshe mwingine.

Chumba ninakaa na Mochama, kijana wa Kisii, mdomo kama redio. Asubuhi moja aliinua blanketi yangu kwa mwanga wa mlango. "Bwana Kimeli, hii umeichuma ukabakisha kijiti! Si ungeipeleka mizani?" Tulicheka sana. Halafu tukaona manyoya yote ya blanketi yamelundikana nyuma ya kichwa changu, mahali kikapu hukaa. Mochama ndiye aliacha kucheka kwanza.

Tangu siku hiyo naangalia hii mikono kama ya mtu mwingine. Kanisani inachuma kitambaa cha benchi. Mezani inachuma ugali mpaka unapoa. Nikifungua kitabu, mistari inakuwa safu za chai, na mimi natembea tu katikati yake, sielewi kitu. Mochama alinisihi niache kimoja, kazi au kitabu. Nikamwambia kushika kimoja kimoja ni kwa wavivu wa Sotik.

Mama huko Chebunyo ameshachagua kibuyu cha maziwa ya mursik ya siku ya matokeo. Amekitundika peke yake ukutani, hataki mtu akiguse. Kila Jumapili anawaambia watu kwamba Caren alipita, sasa ni zamu ya Kimeli.

Nisalimie shemeji Weldon na umbusu mtoto Nelvine. Mungu awafunike vizuri na hiyo baridi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wewe ndiye ulinifundisha kuandika jina langu, kwa hivyo nitakuambia wewe. Siku ya mtihani wa hesabu, jibu la swali la kwanza nililijua. Haki ya Mungu nililijua. Niliinama niandike, kisha nikasikia chumba kimenyamaza. Msimamizi alikuwa kando yangu, ananitazama kwa woga, si kwa hasira. Karatasi yangu ya majibu ilikuwa vipande vipande sakafuni nyuma ya bega langu, na mkono ulikuwa bado unaenda. Nilitoka nje, na mitihani iliyobaki sikuifanya. Mama hajui. Sijui nitasimama vipi mbele ya kile kibuyu.

Na ukiona barua hii haina pembe, usilaumu watu wa posta.

Mdogo wako anayekupenda,
Kimeli