Ile Kitu ya Muguu ya Ketsia

Baraka, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mupendwa mudogo wangu Félicité,

Njo hapo unité za simu zilikatika, na we ulikuwa unacheka. Acha nimalizie. Lakini kwanza: uko muzima? Kile kifua kilipona? Joto ya Kalemie haikuchoshe? Siye tuko, Mungu iko. Hii barua Willy ataileta, anapanda bwato kesho.

Nilikuwa nakuambia vile shemeji yako Bertin alishona ile kitu ya muguu ya mutoto wako Ketsia. Wee! Fundi wa biatu akageuka munganga! Mukaba chini ya goti, kisha shambreri ya pikipiki, ule mupira wa ndani ya gurudumu, inashuka mupaka ku ncha ya kiatu, inavuta juu ule muguu wenye ulilegea tangu siku alipigwa ile sindano. Siku ya kwanza ilivuta sana, Ketsia akatembea kama bata yenye kukanyaga makala ya moto. Batoto ba lupango, hapa ku kiwanja yetu: «Ketsia, piga breki!» Na yeye: «Nyinyi hamuna hata pedale ya baiskeli!» Siku ya pili ikalegea kupita. Siku ya tatu ikakaa sawa: mudogo wangu, alienda yeye peke yake ku soko kutafuta chumvi, akarudi na chumvi na habari ya batu bote. Damu yangu kabisa.

Hapo njo ulicheka. Sasa sikiliza yenye sikukuambia.

Ule mupira ulikuwa unamukata ngozi. Bertin alisema nifunge kitambaa. Mi nikaona kitambaa ni ya bagonjwa. Nikapakaa mafuta ya mawese kila asubuhi, ku ngozi na ku mupira, sawa vile mama alikuwa anatupakaa siye ku kila kidonda. Kumbe mawese inakula mupira. Siku ya Pentekote Ketsia alikuwa anacheza nyimbo na benzake mbele ya altare, mupira ukakatika, akaangukia ku ngazi. Mukono ulivunjika.

Mukono unapona, usilie sana. Bubaya ni hii: Bertin aliokota ule mupira, ulikuwa laini kama bugali, akaniuliza: «Mama Albert, uliweka kitu hapa?» Nikasema hapana. Mi, mwenye kusema ya batu bote, hii moja ilinishinda! Akasema basi ni kazi yake iko mubaya, anaumiza batoto. Anakataa kushona ingine. Mama mumoja wa Lusenda alimuletea binti yake, akabarudisha. Na Ketsia, bila ile kitu, anaburuza muguu hatua mbili, tatu, kisha anaikala chini.

Bile biatu ulimununulia Ketsia, bichunge huko kwanza. Unisamehe kama unaweza. Ukikasirika, nitukane mi, hapana Bertin.

Salimia bwana yako Patrice, salimia tantine Vanessa na bale majirani banauza ndagala. Mungu akulinde ku maji na ku inchi kavu.

Bertin ananiita: «Mama Albert, acha bikaratasi! Kuya ubebe mutoto, anataka kuenda ku choo!» Yeye, mwenye alikuwa anafokea kila mutu: «Musimubebe, muache atembee!»

Naenda. Beko pale inje bote babili, Bertin na Ketsia. Mungu anifungulie kinywa.

Ni mi dada yako mwenye kukupenda,
Immaculée