Mbogo, Boneti Yako Imefunguliwa

Mwaka mmoja umetimia, Mbogo Kimotho, tangu asubuhi ile ya tarehe 17 Machi 2005 ulipotuacha pale hospitalini Lugulu, mama yako Kabura amekushika mkono mmoja na dada yako Ciru mkono mwingine. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Wako waliosema mjini Kitale kwamba gari ndilo lililokuua. Baba yako anataka isomeke hapa kwa maandishi: uliondoka kwa homa ya mapafu, kitandani, baada ya kusali. Gari lako halikuwahi kukukwaruza hata ukucha.

Tunaikumbuka mikono yako. Uliisugua kwa sabuni ya unga na mchanga kabla ya kila mlo, na bado chapati ya mama yako ilibaki na alama ya kidole gumba. Tunakumbuka mashine ya kusagia mahindi ya jirani yetu Mama Ngari ilipokwama siku ya Krismasi. Uliitengeneza ukiwa umevaa shati jeupe, ukakataa malipo, ukala mandazi kumi na moja.

Na tunakumbuka jioni za kitabu. Baba yako alijifunza Kiingereza akiwa na mvi tayari, katika darasa la ngumbaru, na hajawahi kulionea haya. Wewe ulikuwa fundi, lakini kusoma kulikuchosha macho. Basi yeye alikaa kwenye gunia na kamusi gotini, akakusomea kitabu cha injini kwa sauti, huku wewe ukikata chuma. Alipokutana na neno gumu ulisimamisha msumeno ukamngoja.

"Rudia hapo pa hewa, Baba," ulimwambia siku moja. Akarudia mara tatu.

Hivyo ndivyo Datsun kuukuu uliyoikuta kuku wakitagia ndani ilivyopata injini mpya, iliyojengwa na wewe katika banda letu la mahindi kwa miaka mitatu.

Ambao hawakuwahi kufika kwenye mbio zenu wajue zilikuwaje. Magari mawili, yaliyojengwa na wenyewe, husimama kwenye mstari wa chokaa katika kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia ngano dawa, nje kidogo ya mji. Kitambaa kikishuka, yanakimbia robo maili moja kwa moja, na habari inaisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Vijana wa Kitale upande huu, vijana wa Bungoma upande ule. Na mbele yao wote alikuwa Barasa wa Chwele, mchuuzi wa kuku, aliyekushinda mara nne kwa Corolla yake.

"Nyinyi Kitale mnajua kupanda mahindi tu," alikuwa akikwambia. "Gari wachieni wenyewe, bana."

"Gari gani? Si hiyo ni kizimba cha kuku? Hebu toa manyoya kwa radieta kwanza."

Mlicheka, lakini baba yako aliona ulivyokosa usingizi kila uliposhindwa. Na sheria yenu ilikuwa moja, ambayo haikuandikwa popote: anayeshinda hufungua boneti, na aliyeshindwa huinama na kutazama mpaka atosheke. Hakuna kufunika kitu kwa kitambaa. Mara nne uliinama juu ya injini ya Barasa. Kila mara ulirudi nyumbani umejifunza jambo.

Jumamosi ya tarehe 5 Machi ulimshinda, tena kwa urefu wa gari zima. Mvua ikashuka watu wakiwa bado wanashangilia, nawe ulikuwa ukikohoa. Barasa alisimama kwenye matope akingoja boneti.

"Jumamosi ijayo," ulimwambia. "Boneti haina miguu."

Jumamosi iliyofuata ulikuwa umelazwa Lugulu.

Baada ya mazishi, baba yako alilifunga banda kwa kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni. Mwezi wa Mei Barasa alikuja na mkungu wa ndizi. Alisalimu kwa heshima, akaomba kuonyeshwa injini.

"Umekuja kuiba akili ya marehemu?" baba yako alimuuliza. Aliyasema hayo, na hayawezi kufutika.

"Sijakuja kuiba, Mzee. Nilishindwa. Nimekuja kuona nilishindwa na nini."

Baba yako akamwonyesha njia ya kurudi kwao. Mwezi wa Septemba Barasa akarudi, safari hii na jogoo, akaonyeshwa njia ileile. Alikuwa hajakimbia tena tangu siku ya mvua. Alisema mtu harudi kwenye mstari kabla ya kuona kilichompita. Sisi tuliona ni hila. Ukweli, mwanangu, ni kwamba ile siri ya injini ndiyo pekee iliyokuwa imetubakia kutoka kwako, na baba yako aliogopa kwamba ikishatazamwa utakuwa umekwenda kabisa.

Dada yako ndiye aliyesema, Januari hii, tukinywa chai.

"Baba, Mbogo alishinda lakini hajamaliza. Alitoa neno lake kwa mtu, na ni wewe umelifungia kwa banda."

Chai ilipoa. Kesho yake baba yako alimtumia Barasa ujumbe sokoni Chwele kupitia mwenye pikapu.

Jumamosi hiyo Barasa alifika na wenzake wanane, wawili wakitoka mbali huko Sirisia, wote wamevaa nguo za kanisani. Baba yako aliuvua ufunguo shingoni, akafungua banda, akainua boneti kwa mikono yake mwenyewe.

Watu wakasogea. Kisha mama yako akasukuma watu.

"Hiyo si sufuria yangu?"

Ilikuwa yake. Sufuria ya maziwa iliyopotea mwaka 2003, imefunikwa kifudifudi juu ya kabureta, imetobolewa ubavuni na kuungwa bomba la kuleta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Ile K aliyoiandika kwenye kitako kwa rangi nyekundu ya kucha, ili isipotelee kwenye harusi za watu, ilikuwa ikitutazama sote. Ndipo baba yako akaukumbuka ukurasa wa hewa alioukariri mara tatu, bila kujua ulikuwa ukiutafutia chombo.

Barasa aliinama. Alitazama muda ambao mtu angemaliza vikombe viwili vya chai. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Kumbe nilishindwa na sufuria ya maziwa."

"Ya kwangu," mama yako akasema. "Na muiache hapo hapo. Imepata kazi."

Mama Ngari, tunakuomba radhi hapa mbele ya wote. Kwa zaidi ya miaka miwili ulishukiwa bure, na chumvi ikakatika kati ya nyumba zetu. Sufuria ilikuwa kwa kijana wetu.

Mbogo, hukwenda ulipotazamwa. Tangu siku hiyo banda haliko kimya. Barasa huja kila Jumamosi baada ya soko, hukaa pale ulipokuwa ukikatia chuma, na baba yako humsomea kile kitabu. Amekwisha nunua sufuria, kubwa kuliko ya mama yako.

Kesho, Jumamosi tarehe 18 Machi, baada ya maombi ya nyumbani, Datsun yako itasimama tena kwenye chokaa. Ciru, uliyemfundisha mwenyewe kuendesha, ndiye atakayeshika usukani, na Barasa atakuwa kando yake.

"Utakula vumbi, dadangu," amekwisha mwambia.

"Vumbi ya Kitale ni tamu. Wewe ndiye utaionja."

Akishinda Ciru, atafungua boneti. Akishinda Barasa, baba yako amejiandaa: atavua kofia, atainama, na atatazama mpaka atosheke.

Wanaokukumbuka: baba yako Mzee Kimotho, mama yako Kabura, dada yako Ciru, jamaa wote wa Kitale, pamoja na Barasa wa Chwele, ambaye si wa ukoo lakini tumemwandika.

Hutasahaulika kwetu, Mbogo, siku zote za maisha yetu.