Dada Yangu Anawaonyesha Wateja Picha ya Tumbo Langu

Shangazi mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana safari hii kinachonisumbua si ugonjwa, ni hasira. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, na mwaka jana utumbo uliziba ukaoza, nikapasuliwa, nilipozinduka nikakuta wamenitolea utumbo mwembamba nje kupitia tundu upande wa kulia wa tumbo, choo kinatokea hapo kinaingia kwenye mfuko, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba itakuwa hivyo maisha yangu yote. Nililia, nikanyamaza, nikajifunza. Sasa najua kuukata mfuko, kuubandika, kuumwaga, na kazini hakuna anayejua isipokuwa mwenzangu wa meza ya pasi.

Tatizo ni dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baba alipofariki na mama akawa mgonjwa. Ana duka la dawa za asili, mizizi na unga kwenye makopo, watu wanamwita Daktari. Nilipotoka hospitali alikuwa ananipikia chai ya mnanaa na kweli gesi ilipungua, ananikanda mabega, ananifundisha kuvuta pumzi taratibu ninapobadilisha mfuko kwa sababu nilikuwa naogopa kuliangalia lile tundu, na kweli nilitulia, kwa hiyo nikamwamini. Ndipo akaja na kopo la unga mweusi. "Huu unasafisha utumbo, ukishakuwa safi tundu linajifunga lenyewe." Nikamwambia, "Dada, daktari kasema ni la kudumu." Akacheka. "Huyo daktari ndiye aliyekulea?"

Nikanywa. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, siku nne, mfuko unajaa maji matupu kila nusu saa, midomo imekauka, misuli ya miguu inakaza, nikimlalamikia anajibu, "Sumu hiyo inatoka, vumilia." Muuguzi aliponipigia simu kuuliza hali yangu nikamwambia sijambo. Siku ya tano nikaanguka kazini, kichwa kikagonga ukingo wa meza ya pasi, nikaamkia wodini nina dripu, na daktari akasema figo zilibaki kidogo tu zigome.

Sasa sikiliza, Shangazi. Nimerudi nyumbani, sijapata hata nguvu ya kusimama vizuri, mwenzangu wa pasi ananiambia alipita dukani akamkuta dada anawaonyesha wateja simu yake. Ni picha ya tumbo langu! Tundu langu, mfuko umetolewa, aliipiga akidai anataka kuangalia ngozi. Anawaambia, "Huyu ni mdogo wangu, tundu limeanza kuziba, karibu ataacha hata mfuko." Nikaenda saa hiyo hiyo nikamuuliza mbele ya watu, "Dada, umewaonyesha wangapi?" Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia nipunguze sauti, naharibu biashara iliyonisomesha, na kwamba Jumamosi amealika watu dukani na nije niwaambie nimepata nafuu. Natoka mlangoni, napishana na mzee mmoja, mlinzi wa ghala la jirani, ameshika tumbo juu ya shati kwa namna ninayoijua mwenyewe, na mkono mwingine kashika kopo la ule unga mweusi.

Mama anasema nisimwaibishe aliyenilea. Mume wangu anasema nikae kimya, nisiende. Mimi nataka kwenda kuvunja makopo yote. Nifanye nini? Na hivyo vitu vya asili, nitupe vyote?

Fundi wa sare

JIBU

Mwanangu fundi,

Jibu hili nimelituma kwenye namba uliyoniachia, gazeti litafuata. Utaona kwa nini.

Makopo usivunje, utakayelala polisi ni wewe. Lakini hasira yako usiizime, ina kazi.

Kwanza nikugombeze. Muuguzi anakupigia simu, unaharisha mpaka miguu inakaza, unamwambia hujambo? Ulikuwa unamlinda nani? Wewe unayepima pindo la sketi mara mbili kabla ya kukata, ulimezaje unga usiojua una nini ndani? Siku nyingine ukimficha muuguzi jambo, usiniandikie.

Dada yako kukulea alikulea, mshukuru mpaka kesho. Tumbo lako hakulinunua. Nenda kwake na mama yako, mama aione hiyo picha kwa macho yake ndipo aseme tena nani anaaibishwa. Ifutwe mkiwa mnaangalia, na kama kuna aliowatumia, nao waambiwe waifute. Akikataa, ripoti polisi. Na mumeo anayependa ukimya, mwambie alikaa kimya siku nne mkewe akikauka ndani ya nyumba yake, inatosha.

Vya asili usitupe vyote. Kabla ya kukujibu nimemuuliza muuguzi anayehudumia watu wenye mifuko. Chai ya mnanaa kwa kiasi, kutembea, kuvuta pumzi, kukandwa mabega, kula taratibu na kutafuna mpaka chakula kilainike: endelea, na muuguzi wako ajue. Lakini chochote kinachoitwa cha kusafisha au kufungua tumbo, kwako ni hatari, kwa sababu choo chako hakipiti tena kwenye utumbo mpana ambao ungenyonya yale maji yakarudi mwilini. Mafuta wala asali usipake chini ya kibandiko, mfuko utabanduka. Mfuko ukianza kujaa maji, usijijaze maji matupu; kunywa ya chumvi na sukari yale ya pakiti, yaliyochanganywa kama ilivyoandikwa, na upige simu hospitali siku hiyo hiyo. Na hakuna mzizi unaofunga tundu lililoshonwa na daktari. Hakuna!

Jumamosi nenda, useme ukweli kwa sentensi tatu, uondoke. Ukiona huna nguvu, usiende, hakuna atakayekulaumu.

Ila leo ni Jumanne, na yule mzee amebeba kopo. Huenda ameshaanza vijiko viwili vyake. Jumamosi kwake ni mbali mno. Kwa hiyo ukisoma hapa inuka, nenda ghalani ukamtafute. Mwambie aache unga huo sasa hivi na aende hospitali leo, na akishindwa kwenda peke yake, mpeleke. Ataona aibu, atakana kwamba ana mfuko, atakuuliza wewe ni nani mpaka umwingilie mambo yake.

Mjibu hivi: "Baba, mimi ndiye mwenye lile tumbo la kwenye picha."